Mafuta ya Ndimu na Neno Nililoongeza

Mtaa mzima unamwita mke wangu Mama Mafuta, na jina hilo hakulipata bure. Kwa miaka kumi na mmoja alifanya kazi kwenye chumba cha vipimo cha kiwanda cha sabuni, mpaka siku mashine zilipozimwa na wafanyakazi wakaambiwa wachukue barua zao getini. Alirudi nyumbani na barua, aproni mbili, na mizani ndogo ambayo msimamizi wake alimpa kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Wiki mbili hakusema lolote la maana. Wiki ya tatu nikarudi kutoka kazini nikakuta jiko letu, ambalo kwa kawaida halimtoshi mtu na kivuli chake, limejaa mvuke, na mke wangu amesimama mbele ya sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria kubwa, anakoroga kitu cha manjano taratibu.

"Nini hicho?" nikamuuliza.

"Nta ya nyuki, mafuta ya nazi na siagi ya shea."

"Tunakula?"

"Tunajipaka, baba watoto. Tukikosa cha kula, angalau tutakuwa tunang'aa."

Ndivyo biashara ilivyoanza. Mafuta ya kwanza yalitoka na chenga, ukijipaka unahisi kama umejisugua na sukari. Akayatupa. Ya pili nayo yakatoka na chenga. Mtu mwingine angesema watu watazoea, lakini mke wangu akakaa na daftari lake siku tatu, mwisho akagundua kwamba siagi ya shea ikipoa polepole inaganda vipande vipande, na dawa yake ni kuitia sufuria kwenye beseni la maji baridi na kukoroga kwa nguvu bila kupumzika. Tangu hapo mafuta yakawa laini. Kila mpiko aliupa namba, akaiandika chini ya kila kikopo, na kikopo kimoja cha kila mpiko akakiweka juu ya kabati la nguo kama ushahidi. Hakuuza kitu kabla hajajipaka mwenyewe kwenye kifundo cha mkono na kusubiri siku mbili. Nilikuwa namtania kwamba ameondoka kiwandani lakini kiwanda hakijamtoka. Alikuwa anacheka, kisha anarudia kupima.

Sasa niseme na mimi ni nani, maana bila hivyo hamtanielewa. Mimi ni karani wa ofisi ya maji, dawati la malalamiko, mwaka wa kumi na saba huu. Mtu anakuja amefura, mkononi ana bili ya kujaza bwawa zima, na bomba lake halijatoa hata tone tangu mwezi uliopita. Kazi yangu ni kumsikiliza kwa uso wa huruma, kisha kumuuliza maswali. Je, una uhakika hakuna bomba linalovuja ndani ya kiwanja chako? Nani anabaki nyumbani mchana? Mita yako imefunikwa? Uliifunika lini? Akifika swali la tano ameshasahau kilichomleta, anaanza kujiona yeye ndiye mkosaji, na wengine huondoka wakiniomba radhi. Wenzangu ofisini wananiita Kambare, kwa kuwa sishikiki. Nililifurahia sana jina hilo, na sikuona ubaya wowote.

Kwa hiyo mke wangu alipoanza kuuza, kazi ya maneno ikawa yangu. Yeye akipewa kalamu hutafuta neno moja robo saa. Mimi ndiye niliyeandika lebo: *Cha asili hakidhuru*. Aliposoma alikunja uso.

"Hata upupu ni wa asili," akasema.

"Hakuna anayenunua upupu."

"Mimi nakwambia tu."

Nikaipeleka hivyohivyo kwa mchapishaji, lebo mia mbili, rangi ya kijani.

Mteja wa kwanza wa kweli, ukiacha ndugu ambao walichukua na kuahidi, alikuwa Mama Pacha. Yeye ni mfagiaji wa barabara kuu, kuanzia benki mpaka kwenye mzunguko, kazi ameifanya tangu pacha wake hawajaanza shule, na sasa wanasoma chuo. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka vibaya kwa sababu ya mpini wa ufagio na vumbi. Alinunua kikopo kimoja, mpiko wa saba nafikiri. Baada ya wiki tatu akaja mlangoni kwetu, akanipa mkono kwa makusudi na kuung'ang'ania.

"Shemeji, gusa. Huu ni mkono wa nani?"

"Wa bibi harusi," nikamjibu, na akacheka mpaka akajishika ukuta.

Toka siku hiyo akawa mpiga debe wetu bila kuombwa. Alileta wafagiaji wenzake, akaleta wauguzi wa zahanati anayopita mbele yake kila asubuhi. Mke wangu alipofungua kundi la wateja kwenye simu, nusu ya watu walioingia waliletwa na Mama Pacha. Walifika zaidi ya sitini. Ikiwa mtu atauliza nani alimsimamisha mke wangu kwa miguu yake baada ya kiwanda, jibu si mimi. Ni yule mama na ufagio wake.

Kisha akaja mwenye saluni. Huyu ana saluni kubwa yenye viyoyozi na wasichana wanane, na neno lake kwa wanawake wa mjini ni sheria. Alipewa kikopo, akanusa, akasema mafuta ni mazuri ila yananuka mshumaa. Akipata yenye harufu nzuri, atachukua mengi na kuyaweka mbele, penye kioo. Manukato ya dukani mke wangu hakuyataka, maana alikuwa akijua yanatengenezwaje. Akafikiri siku mbili, kisha akaenda sokoni kununua ndimu. Aliparua maganda yake mabichi kwa grata, akayaloweka kwenye mafuta ya nazi, akakamua kwa kitambaa cheupe, akayatia kwenye sufuria nta ilipoanza kupoa. Nyumba nzima ilinukia usafi. Akajipaka kwenye kifundo cha mkono, akakaa ndani siku mbili akichapa kazi, na hakuna kilichotokea. Huo ulikuwa mpiko wa kumi na tisa.

Mama Pacha alikuwa wa kwanza kuchukua, na alichukua viwili.

Siku ya sita tangu achukue, jioni, nilikuwa nimeketi mezani na mke wangu alikuwa jikoni anamimina mafuta kwenye vikopo. Hapo hukatizwi, mafuta yakipoa kwenye sufuria kazi imeharibika. Simu yake ikalia, nikamsomea. Mama Pacha alikuwa ameandika kwenye kundi, mbele ya wote: "Mama Mafuta hebu nisaidie mdogo wangu, mikono inawaka moto na shingo imeota malengelenge. Sijui ni mafuta au ni mimi."

"Ee Mungu wangu," mke wangu akasema kutoka jikoni. "Mikono yangu ina mafuta, nijibie wewe. Mwambie pole sana. Mwambie aache kujipaka kabisa, halafu aniletee kikopo nikiangalie. Mwambie nitakuja mwenyewe kesho."

Ningeandika hayo tu. Yalikuwa yanatosha, na hata mtoto angeweza kuyaandika. Lakini macho yangu yaliganda kwenye yale maneno yake ya mwisho, *au ni mimi*. Kwa miaka kumi na saba huwa nahangaika na maswali matano kumfikisha mtu hapo, na huyu mama amefika mwenyewe, bila kusukumwa. Nimejaribu mara nyingi kujidanganya kwamba niliandika kwa kumpenda mke wangu na kulinda biashara yake. Si kweli. Nilinogewa. Fundi akiona msumari umekaa vizuri hawezi kuuacha bila kuupiga nyundo.

Nikaandika hivi: "Pole kwa changamoto, mpendwa mteja. Mafuta yetu ni ya asili asilimia mia na hayajawahi kumdhuru mtu. Ngozi iliyozoea mkorogo ikikutana na kitu safi hutoa nje sumu yote iliyokuwa imejificha. Tunakushauri uwe mkweli kuhusu unachojipaka nyumbani."

Nikaituma kwa jina la mke wangu.

Sijui kama mwanamume mwenzangu anayesoma hapa ataelewa nilichokifanya. Kumwambia mwanamke mtu mzima, mbele ya watu sitini na kitu, kwamba anajichubua kwa siri ili awe mweupe, ni kumvua nguo. Ni kumwambia kwamba hajipendi, kwamba ni mwongo, kwamba uzuri wake ni wa kopo. Na huyu ni mama anayeamka kabla ya watu wote, anashinda juani akisafisha barabara ambayo mimi naipita nimevaa shati jeupe. Vikatuni vya kucheka vikaanza kumiminika kwenye kundi. Nyuso za kucheka machozi, moja, mbili, kumi. Mmoja akaandika "Kumbe!" Mwingine akaandika "Ndio maana mikono ililainika ghafla." Nikacheka na mimi, peke yangu pale mezani. Kabla sijamaliza kucheka, simu ikaonyesha kwamba Mama Pacha ametoka kwenye kundi.

Mke wangu akatoka jikoni anajifuta mikono, akasoma. Alisoma mara mbili.

"Neno mkorogo limetoka wapi?"

"Nimenyoosha kidogo tu lugha."

"Mimi nimesema pole."

"Pole imo. Angalia, ndiyo ya kwanza kabisa."

Alikuwa tayari ameweka kidole gumba mahali pa kufuta ujumbe. Na hapohapo ukaingia ujumbe wa mwenye saluni, siyo kwenye kundi, bali kwake binafsi: amependa mfanyabiashara anayejiamini na bidhaa yake, anataka vikopo arobaini vya ndimu kwa mwanzo. Mke wangu akasimama pale na simu mkononi kwa muda. Kisha akaiweka mezani, uso wa simu ukitazama chini, akarudi jikoni. Hakufuta. Huo ndio mchango wake katika jambo hili na ameshaulipia. Wangu mimi ulikuwa mkubwa kuliko wake, na nililala kama kawaida.

Kesho yake hakwenda kwa Mama Pacha kama alivyosema. Wala kesho kutwa. Ukishamtukana mtu hivyo, safari ya kwenda kwake huwa ndefu, hata akiwa anakaa nyuma ya soko.

Mimi nilikuwa nikimwona kila siku, kwa kuwa barabara yake ndiyo barabara yangu ya kazini. Alianza kuvaa shati la kiume la mikono mirefu chini ya kizibao chake cha rangi ya chungwa, amelifunga vifungo mpaka kooni, jua la kukaanga mayai. Wafagiaji wenzake wawili, walewale aliowaleta kwetu, wakampachika jina. Nilisikia kwa masikio yangu mmoja akimwita kutoka ng'ambo, "We Mkorogo, leta toroli!" na Mama Pacha akaleta toroli. Toka siku hiyo nikawa navuka barabara mapema, napita upande wa pili, najitia natafuta kitu kwenye simu. Nikifika ofisini naketi kwenye dawati langu na kuuliza watu kama bomba lao linavuja.

Aliyegundua ukweli alikuwa mke wangu, na aliugundua kwa macho ya chumba cha vipimo. Walikutana dukani bila kupanga. Mama Pacha hakumsalimia, alinunua chumvi, akanyoosha mkono kupokea chenji, na mkono wa shati ukapanda juu. Ngozi ilikuwa na mabaka ya rangi ya kahawa iliyokolea, mengine marefu kama michirizi ya maji. Lakini pale anapovaa saa, chini ya mkanda uliosogea, ngozi ilikuwa safi kabisa.

Mke wangu alirudi nyumbani mbio, mkoba haujafungwa.

"Mafuta anajipaka kabla ya kuvaa saa," akaniambia. "Aliniambia mwenyewe zamani, eti mafuta yakikauka ndiyo anavaa saa, isije ikateleza. Kwa hiyo mafuta yalifika chini ya ule mkanda. Kitu ambacho hakikufika ni jua."

"Sasa?"

"Sasa wateja wangu wote wengine wanashinda ndani. Wauguzi wako ndani. Wale wafagiaji wawili huwa wanachukua ya zamani, yasiyo na harufu. Mwenye saluni hajui hata jua linatokea wapi. Mimi mwenyewe nilijijaribu nikiwa jikoni."

Nikamwambia anajitafutia makosa. Nikamwambia vikopo arobaini viko tayari, vimeshabandikwa lebo, asubiri angalau viondoke. Nikaanza maswali yangu: je, ana uhakika yule mama hatumii sabuni kali? Je, dawa anazonyunyizia barabarani? Akanitazama kama mtu anayemwona mgeni ndani ya nyumba yake.

Jumamosi saa sita mchana akachukua kikopo cha mpiko wa kumi na tisa kutoka juu ya kabati, akajipaka mikono yote miwili kuanzia kiwiko mpaka kwenye kifundo. Mkono wa kushoto akaufunga taulo. Wa kulia akauacha wazi. Akatoa kigoda uani, akakaa juani saa mbili, mkono ameunyoosha juu ya goti, anatokwa jasho, majirani wanapita wakimuuliza kama anaumwa. Anawaambia yuko kazini. Mimi nilikuwa dirishani namwona, na nikamwombea asipate kitu. Nilikuwa nataka Mama Pacha awe mwongo. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumapili mkono ulikuwa mwekundu. Jumatatu asubuhi, nikiwa nakunywa chai, akaja na kuiweka mikono yote miwili juu ya meza, karibu na kikombe changu. Wa kushoto ulikuwa wa siku zote. Wa kulia ulikuwa umevimba na malengelenge matatu makubwa, moja lilikuwa limeshapasuka.

"Mafuta ni yaleyale," akasema. "Siku ni ileile. Huu ulikaa gizani na huu ukakaa juani. Haya, baba watoto, wewe ni mtu wa maswali. Niulize na mimi kama natumia mkorogo."

Nikakisogeza kikombe mbali na mkono wake.

Asubuhi hiyohiyo akaupiga picha mkono wake na kukaa na simu. Nikajua anataka kuandika, nikajisogeza. Nikamwambia kuna namna ya kuliweka hili jambo, tuseme tumeboresha mchanganyiko, tuseme tunavirudisha kwa ajili ya ukaguzi, watu wataelewa bila kuelewa sana.

"Usiguse simu yangu," akasema.

Aliandika mwenyewe, kidole kimoja, karibu saa nzima. Nilipoondoka kwenda kazini alikuwa hajamaliza. Niliusoma ofisini, chini ya meza. Ulisema hivi: "Mafuta ya ndimu, yenye namba kumi na tisa chini ya kikopo, yanaunguza ngozi ikipigwa na jua. Huu ni mkono wangu. Kosa ni langu, nilijaribu nikiwa ndani ya nyumba. Rudisheni vyote nitawapa ya zamani. Mama Pacha hajawahi kujipaka kitu kibaya. Nilimsingizia mbele yenu, na naomba mumwambie hivyo nyinyi mliomcheka."

*Nilimsingizia*. Hakuandika *tulimsingizia*, wala *alisingiziwa*. Nililisoma neno hilo pale chini ya meza, na kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni kilikuwa nafuu. Niliona limepita juu ya kichwa changu, limemwangukia mwingine, na mimi nimebaki mzima. Nafuu ile ndiyo inayonitia haya kuliko hata ule ujumbe. Ujumbe niliuandika kwa kunogewa, kwa dakika mbili. Nafuu niliisikia nikiwa na akili zangu timamu, na nikaifurahia hadi saa ya chakula cha mchana.

Mwenye saluni aliuvunja mpango siku hiyohiyo, kwa maneno machache na makali. Vikopo vikaanza kurudi, vingine vimeshatumika nusu. Mke wangu alivipokea vyote mlangoni kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa umefungwa bandeji, na kila aliyerudisha alimwomba msamaha upya kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Baadhi walimwonea huruma. Baadhi walikuja kuchungulia tu. Vile arobaini vya saluni alivikwangua kimoja kimoja na kijiko, akatia kwenye mfuko, akautupa. Alikuwa analia, ila hakusimamisha kijiko.

Jumapili iliyofuata akasema twende kwa Mama Pacha. "Twende," alisema. Sikupata kisingizio.

Mama Pacha anaishi chumba kimoja kilichogawanywa na pazia, na ni kisafi kuliko ofisi yoyote niliyowahi kuingia. Ukutani kuna picha za pacha wake wamevaa sare. Alikuwa akifunga upya ufagio wake kwa waya, akauweka kando, akatuachia viti viwili alivyonavyo, yeye akakaa juu ya ndoo aliyoigeuza. Akatumiminia chai. Hakutabasamu lakini hakutunyima.

Mke wangu akafungua bandeji, akamwonyesha. Akamweleza habari ya ndimu na jua, polepole, kama alivyokuwa akieleza kiwandani. Mama Pacha akaushika ule mkono, akaugeuza, akapandisha mkono wa shati lake, wakailinganisha. Mabaka yalikuwa ya rangi moja.

"Haya yatapotea," Mama Pacha akasema. "Mfamasia kaniambia ni miezi. Ngozi hainiumi tena, mdogo wangu. Kilichoniuma ni lile neno. Mpaka wanangu walilisikia huko chuoni. Mmoja akanipigia simu kuniuliza, mama, ni kweli?"

"Neno lile lilitoka kwenye simu yangu," mke wangu akasema. Akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika.

Nikaangalia picha ukutani. Nikasema watoto wamekua.

"Mimi nilijiuliza," Mama Pacha akaendelea, "huyu mama ni mpole, hata bei anasema kwa aibu. Maneno makali namna ile kayapata wapi? Halafu yamepangwa, kama ya ofisini."

Mke wangu akageuka, akanitazama usoni. Mama Pacha naye, kwa kuwa mwenzake amenitazama, akanitazama.

Nilijua kabisa ni maneno gani. Yalikuwa matatu tu: niliyaandika mimi, nisamehe. Mimi ambaye kazi yangu ni maneno. Nikasema, "Hasira, dada. Hasira ni kitu kibaya sana. Tusameheane tu."

"Amina, shemeji," Mama Pacha akasema. "Wewe ni mtu mwenye busara. Hata siku ile nimekuja na bili ya maji ulinisikiliza vizuri, nikaondoka nimeelewa kosa langu."

Sikumkumbuka. Nilijaribu na sikumkumbuka. Nikavuta kikombe nikanywa chai iliyokuwa bado ya moto, ikaniunguza ulimi, nikaendelea kunywa.

"Siku ile," mke wangu akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "mikono yangu ilikuwa na mafuta." Akaacha hapo. Sentensi ilibaki imening'inia katikati ya chumba, na ilihitaji mtu mmoja tu kuimalizia. Mama Pacha akasubiri, hakuelewa. Nikakohoa, nikasema chai ni nzuri, nikauliza kama ameitia tangawizi.

Hatimaye Mama Pacha akasimama kutoka kwenye ndoo, akamkumbatia mke wangu. "Yameisha," akamwambia. "Ila mdogo wangu, nisikufiche, sikutegemea kutoka kwako." Mke wangu akaitikia kwa kichwa. Akalipokea na hilo, kama alivyopokea vikopo.

Njiani alitembea mbele yangu. Tulipopita soko ndipo aliposema, bila kugeuka.

"Nilikuachia nafasi tatu."

"Najua. Nilishindwa."

"Hukushindwa. Ulikuwa na maneno mengi tu. Umeuliza mpaka tangawizi."

Nikamwambia nitasema, si leo, kuna namna ya kulisema. Akasimama, akanitazama kwa uchovu, bila hasira, na ningependa zaidi kama angekuwa na hasira.

"Hizo tatu zilikuwa zangu, nilikupa," akasema. "Ya nne jitafutie mwenyewe."

Jumatatu asubuhi sikuvuka barabara. Nilipita upande wake, nimejiandaa, maneno yapo ulimini. Mama Pacha alikuwa anafagia mbele ya benki, mikono ya shati ameikunja mpaka kwenye viwiko, mabaka yote yako nje. Aliponiona nakuja akausimamisha ufagio, akarudi nyuma hatua moja, akasubiri vumbi litulie nisije nikachafuka.

"Pita, shemeji," akasema. "Kazi njema."

Nikamjibu asante, nikapita.